Wanasesere wa Kaniki

Nanyori alimkuta mwanawe amepiga magoti kando ya mfereji, uso umejaa povu jeupe, anajisugua shavu kwa gunzi la mahindi kama mtu anayesugua chungu kilichoungua. Alidhani mtoto anacheza. Aliposogea akaona povu limeanza kuwa jekundu.

"Eunike! Unafanya nini?"

"Naosha," alisema mtoto bila kugeuka.

"Unaosha nini?"

"Weusi."

Nanyori alimpokonya gunzi akalitupa majanini. Akamshika kisogo, akamwinamisha, akamchotea maji ya mfereji na kummwagia usoni mara tatu, mara nne. Maji ya mlimani ni baridi kama chuma cha asubuhi. Yalipogusa nyama iliyochubuka Eunike alipiga ukelele uliowafanya mbuzi wa jirani wainue vichwa. Juu ya jiwe palikuwa na magadi yaliyopondwa, yale magadi meupe ya Momela, yamechanganywa na majivu.

"Nani alikwambia weusi unatoka?"

"Hakuna." Mtoto alikuwa analia sasa, lakini alikuwa analia na hoja zake mkononi. "Wewe si unafulia magadi? Si unasema hakuna doa linalokataa magadi?"

Kweli Nanyori alisema hivyo. Alikuwa dobi wa misheni, na kila mmoja wa wale wasichana wanane waliokuja kusoma na kushona kwa Bibi Hanna, mwalimu wa Kijerumani, alikuwa amemsikia akisema hivyo.

"Na weusi ukitoka, unataka kuwa nani?"

"Pupe," alisema Eunike.

Pupe ndilo jina Bibi Hanna alilowaitia wanasesere. Walikuwa wanane, wa kauri, wenye mashavu ya waridi na nywele za rangi ya mahindi makavu, na ukimlaza mmoja chali alifumba macho. Akina mama wa kanisa fulani huko Ujerumani waliwatuma Krismasi iliyopita, ili watoto wa kike wa Arusha nao wafurahi. Waliwekwa kabatini nyuma ya kioo. Jumapili baada ya ibada Bibi Hanna alikagua mikono ya wasichana, mbele na nyuma, na waliofaulu walishika pupe kwa muda mfupi huku wamekaa. Nanyori alifua vijiguo vyao kila mwezi, akavipiga pasi ya mkaa, lakini nyuso zao hakuruhusiwa kuzigusa. Na Bibi Hanna, ambaye hakuwa mtu mbaya, alikuwa na usemi wake kila akimwona mtoto mwenye tope: "Mtoto safi hufanana na pupe."

Eunike alikuwa na miaka tisa. Alichukulia neno la mtu mzima kama lilivyo.

*

Nyumbani, koko alimpaka mjukuu wake mafuta ya kondoo kwenye shavu kwa ncha ya unyoya wa kuku. Koko alikuwa mama yake Lemburis, mume wa Nanyori. Mwanawe na mkwewe walikuwa wamebatizwa, yeye alikataa, akisema kichwa chake kilikwisha loweshwa na mvua za kutosha.

"Kipofu," alisema koko. "Magadi yangepanda kidole kimoja tu, mtoto huyu angekuwa kipofu. Mnasikia?"

"Tunasikia, mama," alisema Lemburis.

"Hamsikii. Mnasikia kengele ya kanisa." Akamgeukia Eunike. "Wewe, mvua ikikataa, wazee wanatafuta kondoo wa rangi gani?"

"Mweusi, koko."

"Mwenye doa?"

"Asiye na doa."

"Na wingu lenye maji ni la rangi gani? Na Mungu anayetupa majani ni yupi, Mweusi au Mwekundu?"

"Mama!" alisema Lemburis kwa sauti ya chini, akitazama mlangoni kama kwamba mwinjilisti alikuwa amesimama pale. "Tumekubaliana. Mungu ni mmoja."

"Sijamgawa. Nauliza rangi yake akiwa hana hasira."

Eunike alisikiliza yote kwa adabu. Kisha akauliza, "Koko, kwa nini hawakutengeneza pupe mweusi?"

Lemburis aliangalia vidole vyake. Alikuwa mwendeshaji wa gari la ng'ombe la misheni, na ni yeye aliyelileta lile sanduku kutoka Moshi, siku sita njiani, akilifunika kwa ngozi yake mwenyewe mvua iliponyesha. Mwaka huu reli ilikuwa imefika Moshi, na sanduku jingine lilikuwa linasubiriwa kabla ya Krismasi.

Usingizi ulimpitia mbali Nanyori. Magadi ya nyumbani aliyaficha ghalani, chini ya maharage. Lakini misheni palikuwa na pipa zima, na yeye hakuwa na macho mgongoni. Mtoto angejaribu tena, hilo alilijua, kwa sababu hata yeye mwenyewe doa likikataa mara moja huongeza magadi.

*

Siku ya soko alishuka mjini, akapita nyuma ya boma hadi kwenye duka la Mhindi, akanunua kaniki kwa ujira wake wa mwezi. Mhindi alimuuliza kama kuna msiba.

"Hakuna msiba."

"Kaniki yote hii?"

"Nina watoto wanane," alisema Nanyori, na Mhindi akampa pole.

Alishona jikoni kwa misheni, mchana, wakati Bibi Hanna amelala kwa sababu ya kuumwa kichwa. Kaniki mpya ni nyeusi yenye kung'aa, na ilipojazwa majani makavu ya mgomba ikawa na shavu, ikawa na tumbo, ikawa na matako. Macho alitia shanga nyeupe na nyeusi. Masikio aliyatoboa na kuning'iniza ushanga mwekundu. Aliwavika lubega za ngozi ya mbuzi laini. Alipommaliza wa kwanza akamweka dirishani akarudi nyuma, na moyo wake ukamwambia huyu ni mtoto wa mtu, anaweza kuitwa akaitika.

Isipokuwa nywele. Katika maisha yake Nanyori alikuwa amewaona wanasesere wanane tu, na wote wanane walikuwa na nywele. Kwake mwanasesere bila nywele alikuwa kama chungu bila mdomo. Alijaribu manyoya ya kondoo. Mtoto akageuka mzee. Alijaribu nyuzi za mgomba, akageuka ufagio.

Ikafika siku ya kunyoa. Kila mwezi Bibi Hanna aliamuru wasichana wote wanyolewe kwa sababu ya chawa. Hapo mwanzo akina mama walikuwa wamekataa. Si kwamba watoto wao hawakunyolewa nyumbani. Walinyolewa, upara mzuri uliopakwa mafuta. Lakini nywele za mtu ni mtu. Zikianguka mahali pasipojulikana, mwenye nia mbaya akiziokota, anachozifanyia nywele amekifanyia kichwa. Mambo yalitulia Nanyori alipochaguliwa awe mnyoaji, kwa kuwa alikuwa wao. Sinyati, mama yake Maria, ndiye aliyekuwa wa mwisho kukubali. Alikuwa amezika watoto wawili, na Maria, wa tatu, alizaliwa na kishungi cha nywele nyeupe juu ya sikio la kushoto.

"Zifukie kwa mkono wako," Sinyati alimwambia siku ile. "Usimtume mtu. Na usiniambie wapi."

"Nitazifukia, Mama Maria."

Na kwa miezi kumi na minne alizifukia. Mwezi ule, akiwa na mafungu manane ya nywele mbele yake, kila moja juu ya jani lake, aliyatazama, akawatazama wale wanane wenye vipara waliosimama dirishani, akajiambia: nywele zikae juu ya kichwa chake mwenyewe, ubaya uko wapi? Nani atakayezilinda kuliko mtoto mwenyewe? Akachukua sindano.

*

Aliwagawia Jumamosi, wiki tatu kabla ya Krismasi, baada ya somo la kushona, Bibi Hanna akiwa amekwenda kumtazama mgonjwa.

Msichana mmoja akacheka, na wote wakaanguka juu ya kikapu.

"Huyu ana matako kama ya shangazi!"

"Nipe huyo, nipe, ameninyooshea mkono!"

"Tukaoshe mikono?" aliuliza mdogo kuliko wote.

"Hapana," alisema Nanyori. "Hawa wanashikwa na mikono yoyote."

Maria alimgeuza wake mara moja, akapiga kelele. "Nywele zangu! Oneni, nyeupe hii hapa! Ni mimi! Ni mimi kabisa!" Akatoka mbio hadi nyumbani bila kuaga, akimshika mwanasesere juu kama mtu aliyekamata kware.

Eunike alibaki nyuma. Shavu lake lilikuwa limeota gamba.

"Chukua," alisema mama yake.

"Mbona mweusi sana?"

"Ametoka kwako," alisema mwenzake mmoja, na wengine wakacheka, lakini hakikuwa kicheko kibaya. Kila mmoja alikuwa ameshika mweusi wake kifuani. Eunike alimchukua wake kwa mkono mmoja, kwa mguu, kichwa chini. Akatembea hatua chache. Akamgeuza. Akamfuta vumbi usoni kwa kidole gumba, taratibu, kuzunguka macho.

Nanyori aliona, akaenda nyuma ya jiko akakaa juu ya kuni kwa muda.

*

Sinyati alikuja asubuhi, jua halijapanda, akimbeba yule mwanasesere kwenye ncha ya kijiti. Hakusalimu.

"Mama Eunike, hiki ni nini?"

"Ni mwanasesere, Mama Maria. Karibu ukae."

"Sikai. Nywele hizi ni za nani?"

Koko, aliyekuwa anakamua mbuzi, aliacha kukamua.

"Nakuuliza tena. Nilikupa nywele za mwanangu ufukie. Ulifukia?"

"Sikufukia," alisema Nanyori.

"Nilijua." Sinyati hakupiga kelele, na hilo lilitisha zaidi. "Maria ana homa. Ameanza kutetemeka jana jioni, akiwa amekumbatia hiki. Ana moto mpaka maziwa yanamrudi. Umemshona mwanangu ndani ya kaniki, Nanyori. Umemtoboa masikio kwa sindano. Umemchoma kichwa mara ngapi? Hesabu, nikajue mahali pa kumkanda."

"Nilitaka wajione. Nilitaka wao waone kuwa—"

"Nimezika wawili."

"Najua. Nilikusaidia kuwazika."

"Basi ulijua ni nani unayemshona," alisema Sinyati, akageuka, kijiti kimenyooshwa mbele yake.

Kufikia adhuhuri habari ilikuwa imefika mferejini. Wanawake waliinua vibuyu vyao wakaondoka kabla Nanyori hajachota. Watoto ambao siku zote walimjia wameinamisha vichwa awaguse, ndiyo salamu ya mtoto kwa mkubwa, walikimbia wameshika vipara vyao kwa mikono miwili. Hakuna aliyesema mchawi. Neno lile likisemwa halirudi, na kila mtu alikuwa analingoja litoke kinywani kwa mwingine.

Jioni Lemburis alirudi kutoka kwa wazee, akakaa bila kuvua viatu vya ngozi.

"Koikai anasema siku tatu," alisema. Koikai ndiye mzee aliyeamua mambo ya mtaa ule. "Siku ya tatu utafumua kila mmoja mbele ya mama zao. Kila unywele urudi kwa mwenyewe. Ikiwa hakuna uliopotea, neno limekwisha."

"Na Maria akifa kabla?"

Lemburis alivuta kamba ya kiatu. "Basi utarudi kwenu. Eunike atabaki hapa, na hakuna atakayemwoa."

"Na wewe unasema nini?"

"Nimesema mke wangu ni mpumbavu, si mwovu."

"Ahsante," alisema Nanyori, na alikuwa anashukuru kweli.

"Bado," alisema Lemburis. "Bibi Hanna naye amesikia. Anasema ni sanamu za ushirikina, na siku hiyohiyo zichomwe mbele ya watoto, zote nane. Mwinjilisti amesema ukikataa huna kazi."

Koko alicheka, kicheko kifupi kikavu. "Miaka yote misheni na wazee hawajakubaliana hata juu ya siku ya kupanda maharage. Leo wamekubaliana."

Siku mbili zilipita. Bibi Hanna alikwenda kwa Sinyati na kwinini yake akarudishwa mlangoni, akaenda tena, akapokelewa. Homa ikashuka, homa ikapanda. Kila mlio kutoka upande wa kwa Sinyati ulimtoa Nanyori nje ya nyumba kusikiliza kama ni wa mbuzi au wa watu. Eunike alimfuata kila mahali na mwanasesere wake chini ya nguo, asionwe.

"Mama, Maria akifa nitakuwa nimemuua mimi?"

"Wewe? Kwa nini wewe?"

"Kama nisingejiosha usingeshona."

Nanyori alimshika mabega, akamsugua mgongo tu, kwa nguvu, kama mtu aliyetoka kwenye maji.

*

Siku ya tatu uwanja wa shule ulijaa. Akina mama saba walikaa majanini upande mmoja, wasichana wamepangwa ukutani. Koikai alikuwa juu ya kigoda chake. Barazani alisimama Bibi Hanna katika nguo yake ya kijivu, na mbele yake matawi makavu ya mibuni yalikuwa yamekwisha washwa. Maria alikuwa mapajani kwa mama yake, amefunikwa ngozi, macho makubwa, midomo imepasuka. Alikuwa hai. Zaidi ya hapo hakuna aliyethubutu kusema.

"Anza," alisema Koikai.

Nanyori alikaa chini na mkasi wa kushonea na rundo la majani ya mgomba. Alikata mshono wa kwanza, akavuta unywele mmoja mmoja, akaulaza kwenye jani. Mama alisogea, akaukunja mkononi, akarudi. Wa pili. Wa tatu. Moto ulisikika ukitafuna matawi. Kwenye wa nne mkasi uliteleza ukamkata kidole, na wanawake wote wakavuta pumzi kwa pamoja, kwa maana damu ikigusa nywele hapana wa kuitoa. Nanyori alikitia kidole kinywani kabla tone halijadondoka. Alikaa hivyo, anafyonza, mpaka Koikai akasema tena, "Endelea."

Wa saba alikuwa wa Maria. Sinyati alisogea na mtoto wake mikononi, akapiga magoti karibu kiasi kwamba Nanyori alisikia joto la homa usoni mwake. Nyeusi zilitoka. Nyeupe zikatoka. Sinyati alizitandaza kwa ncha ya kijiti.

"Nyeupe zilikuwa nyingi kuliko hizi."

"Ndizo zote, Mama Maria."

"Miaka minane naziangalia. Nazijua kama meno yangu. Zingine ziko wapi?"

Nanyori alitazama kitambaa kitupu cha kichwa. Alijiona anarudishwa kwao: mbuzi, mlango, Eunike amesimama mlangoni yeye akienda. Akageuza mshono wa nyuma ya sikio, ule alioukunja mara mbili ili usifumuke, akaukwangua kwa ukucha. Ndani ya mkunjo kulikuwa na nyeupe nne. Akazitoa, moja, moja, moja, moja, akaziweka juu ya jani. Sinyati alizitazama kwa muda mrefu. Kisha akakunja jani akalitia kifuani.

Hapo Maria, ambaye hakuwa amesema neno tangu Jumamosi, alitoa mkono chini ya ngozi.

"Wamemnyoa," alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya paka. "Mama, ona. Sasa ndiyo mimi."

Watu walitazama. Mwanasesere alikuwa amelala majanini, kichwa cheusi cha mviringo, kitupu, kinang'aa kwenye jua. Na kichwa cha Maria, cheusi cha mviringo, kitupu, kilikuwa juu yake. Na ukutani vichwa vingine saba vya namna hiyohiyo. Hapakuwa na mtoto wa kike mwenye nywele katika uwanja ule, wala hapakuwahi kuwa na mmoja.

"Loo!" alisema koko kutoka nyuma. "Kumbe ndivyo! Mwanzo alikuwa kama Mjerumani aliyenyeshewa."

Mwanamke mmoja aliuma nguo yake asicheke. Wa pili hakuwahi kuuma ya kwake. Kilikuwa kicheko cha watu walioogopa siku tatu, kikatoka vibaya, na machozi.

Nanyori hakucheka. Aliona kosa lake lote kwa mara moja, lilivyokuwa dogo na lilivyotaka kumla: alitaka watoto wajione, kisha akawavisha kichwa cha pupe wa kabatini.

Mbele yake aliona miguu midogo. Eunike alikuwa ametoka ukutani bila kuitwa, shavu lake na gamba lake mbele ya watu wote, mwanasesere wa nane mkononi.

"Mnyoe na wangu," alisema.

Nanyori alimnyoa. Alipomaliza, hapakuwa na mama mwingine wa kupokea lile jani, alilikunja mwenyewe. Eunike alimpokea mwanasesere, akampandisha mgongoni, akamfunga kwa nguo yake kama wanawake wafungavyo.

"Vema," alisema Bibi Hanna. Naye siku tatu zile za kwinini zilikuwa zimemchosha. "Sasa leteni zote hapa, tuzichome."

Hakuna aliyesogea. Akina mama walimtazama Koikai.

"Neno lililoletwa kwangu ni la nywele," alisema Koikai, akiinuka na kigoda chake. "La nywele limekwisha. Habari ya nguo haimo."

"Ni sanamu," alisema Bibi Hanna. "Nyinyi wenyewe mliziogopa!"

"Tuliogopa nywele," alisema Sinyati. Alikuwa bado amepiga magoti. "Nywele zangu ninazo. Sasa huyu wa kuchomwa ni nani? Ana kosa gani? Wale wako wa kabatini wanafumba macho na kufumbua, Bibi, na hakuna aliyekuja na moto."

Wasichana walitoka ukutani mmoja mmoja, bila kukimbia, kila mmoja akaokota wake. Ule moto wa mibuni ulikuwa unaungua bure.

"Nanyori," alisema Bibi Hanna hatimaye, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko ukali. "Ukitoka na vitu hivi, kesho usije kufua."

Nanyori alimtafuta mumewe kwa macho. Lemburis alikuwa amesimama karibu na ng'ombe wake wa misheni, mkono juu ya nira. Gari lilikuwa tayari kwa safari ya Moshi, kuchukua sanduku. Aliitazama nira. Aliitazama kwa muda ambao Nanyori aliuhesabu kwa mapigo ya kidole chake kilichokatwa. Kisha akasema, si kwa nguvu, "Nenda nyumbani na mtoto. Nitakuja," na hakusema atakuja kabla ya Moshi au baada yake.

Basi akaenda. Langoni Sinyati alimfikia, Maria begani.

"Mama Eunike. Homa ya mwanangu haijatoka yote."

"Naona."

"Ikirudi nitakuja kwako. Na sitakuja na maneno."

"Usije," alisema Nanyori. "Ikirudi utanikuta kwako."

Walisimama hivyo, hawajui waagane vipi. Maria alikuwa amemlaza mwanasesere wake kwenye mkono wa mama yake, upara kwa upara.

"Mama," alisema, "mwanangu ana kiu."

Sinyati alimtazama Nanyori, akatazama pembeni. Akafungua kibuyu chake. Akamnywesha mtoto kwanza. Kisha, haraka, kama mtu anayeiba, akamnywesha na yule mwingine.